Kumpokea Mzazi Anapowatembelea Mkiwa Wamisionari Mtwara au Lindi

Wamisionari hawakuanza kufika kusini mwa Tanzania jana. Kituo cha Masasi kilianzishwa na Waanglikana wa UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati) mwaka 1876, na Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walifungua Ndanda mwaka 1906, wakati majeraha ya Vita vya Maji Maji yalikuwa bado mabichi. Enzi zile, mzazi aliyemuaga mwanawe bandarini hakutarajia kumfuata huku. Leo mama anayeishi Kakamega au Bungoma anaweza kuondoka kwake Jumatatu asubuhi na Jumanne jioni akawa ameketi barazani Mtwara mjini, akinywa chai aliyomiminiwa na mjukuu. Wepesi huo wa safari ndio unaozifanya familia nyingi zidhani kwamba mapokezi nayo ni mepesi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia zilizotoka nje ya Tanzania, hasa Kenya na nchi jirani, ambazo zinahudumu katika makanisa, shule na zahanati za Mtwara na Lindi, na zinatarajia kumpokea mzazi kwa majuma mawili au matatu. Familia za kutoka Ulaya, Korea au Marekani zitakuta mengi yanazihusu pia. Msimamo wake ni kwamba mzazi haji kukagua huduma wala kutalii. Anakuja kuona mwanawe anavyoishi, na mtaa nao utataka kumwona yeye. Kila mpango ulioelezwa hapa chini umepimwa kwa mambo hayo mawili.

Hatua ya kwanza: chagueni majira kabla ya kuchagua tarehe

Kusini kuna msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Katika miezi hiyo njia za vijijini huwa utelezi mtupu, na joto la pwani huwachosha hata wenyeji. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam ilikatika ndani ya Mkoa wa Lindi na abiria wakakwama njiani. Si jambo la kila mwaka, lakini linatosha kumzuia mtu mwenye mama wa miaka sabini asikimbilie tiketi ya Aprili kwa sababu tu ni ya bei nafuu.

Kipindi kizuri ni kati ya Juni na Septemba, upepo wa kusi unapovuma, usiku ukiwa na ubaridi kidogo na barabara zikiwa kavu. Kwa wanaotoka Kenya, likizo ya Agosti huangukia hapo hapo, jambo linalomwezesha bibi kusafiri na mjukuu mkubwa wa kumshikia mkoba. Kuanzia Oktoba msimu wa korosho hupamba moto. Minada huanza, magari hujaa, na majirani ambao mngetaka wakae na mgeni wenu huwa mashambani tangu alfajiri. Anayependa embe, hata hivyo, aje Novemba na avumilie joto.

Tazameni pia mwezi wa Ramadhani utaangukia wapi, kwa kuwa wakazi wengi wa pwani hii ni Waislamu. Hakuna atakayemtaka mgeni wenu afunge, ila kula njiani mchana ni utovu wa adabu, na migahawa mingi huwa imefungwa. Jioni mtaalikwa kufuturu, na mwaliko huo haukataliwi hivi hivi.

Hatua ya pili: hati za kusafiria na mipaka ya mgeni

Raia wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hawahitaji viza kuingia Tanzania. Hugongewa muhuri wa matembezi mpakani au uwanja wa ndege. Mzazi aelekezwe kusoma siku alizoandikiwa kabla hajaondoka dirishani, kwa maana kosa la afisa ni rahisi kurekebishwa palepale na ni kazi ngumu kurekebishwa Mtwara. Raia wengi wa nchi za mbali huomba viza kwa njia ya mtandao; viza ya kawaida ya kuingia mara moja ni dola 50, na Wamarekani hulipa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huulizwa kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, Kenya ikiwamo. Chanjo huchomwa angalau siku 10 kabla ya safari, na tangu mwaka 2016 cheti kimoja hutosha kwa maisha yote. Hapa pana jambo ambalo vijana hawalifikirii: kwa mtu mwenye miaka 60 na zaidi anayechanjwa kwa mara ya kwanza, uwezekano wa kupata madhara makubwa ni mkubwa kuliko kwa kijana. Kwa hiyo mzazi akaonane na daktari kwanza, mapema, wala asiende kuchanjwa siku mbili kabla ya safari kama mtu anayekwenda kupiga picha ya pasipoti. Daktari akiona chanjo haimfai, humwandikia barua ya kitabibu ya kumwondolea sharti hilo.

Mkumbusheni pia kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, ili asifunge unga wa wimbi wa wajukuu katika mfuko utakaoachwa mpakani.

Jambo ambalo familia za wamisionari hulipuuza ni kwamba kibali cha matembezi hakimruhusu mgeni kufanya kazi, hata ya kujitolea. Ninyi wenyewe mnaishi kwa kibali cha ukaazi cha daraja C, ambalo ndilo la wamisionari na wanaojitolea. Mama aliyekuwa muuguzi maisha yake yote atashikwa na hamu ya kuingia zahanati ya kanisa akasaidie kupima watoto uzito, na viongozi, kwa nia njema kabisa, watamkaribisha. Mzuieni kwa upole. Akisimama ibadani akasalimu, ni mgeni. Akishika zamu, ni mfanyakazi asiye na kibali, na atakayeulizwa ni kanisa lililowaalika ninyi.

Hatua ya tatu: mzazi atalala wapi

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo familia nyingi hupita haraka kwa sababu zina chumba cha ziada na zinaona swali limejibiwa.

Kwa baadhi ya jamii za magharibi mwa Kenya, mama mzazi wa mke halali katika nyumba ya mkwewe. Msidhani kwamba kwa kuwa mama huyo ameokoka miaka mingi, au kwa kuwa ninyi ni watumishi wa Mungu, mila hiyo haimgusi. Huenda akakubali kulala kwenu kwa kuwaonea haya, kisha akakosa usingizi majuma mawili mazima. Msimuulize yeye moja kwa moja, kwani atasema lolote litakalowafurahisha. Mpigieni shangazi au dada mkubwa, aongee naye kwa wakati wake na awaletee jibu. Ikiwa jibu ni kwamba hawezi, kuna nyumba za wageni za makanisa, au chumba cha kupanga kwa jirani wa karibu, ambapo atakwenda baada ya chakula cha usiku na kurejea kwa chai ya asubuhi.

Suluhisho hilo huzaa tatizo la pili. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ambao ndio wenyeji wa mikoa hii, kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa desturi ya zamani mume ndiye aliyehamia kwa wakwe zake. Katika macho yao, mama wa mke ndiye mgeni mkubwa kuliko wageni wote, na nyumba ya binti yake ni kama yake. Wakimwona anatolewa usiku na tochi kupelekwa kulala kwingine, watasema mmemfukuza mama, na maneno hayo yatafika kanisani kabla ya Jumapili. Dawa yake ni kutangulia kusema. Mke aende kwa bibi mmoja anayeheshimika mtaani, siku kadhaa kabla mgeni hajafika, na maneno hayahitaji kuwa mengi:

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?”

“Njema, bibi. Mama yangu anakuja mwezi huu. Ila kwetu mama halali kwa mkwe wake. Atashinda kwangu, atakula kwangu, usiku tutamtafutia pa kulala.”

“Kila kabila na lake, mwanangu. Usihangaike na gesti, kwangu chumba kipo. Mlete.”

Bibi huyo akishajua, mtaa mzima umejua, na hakuna atakayeuliza tena. Pia mama yenu atakuwa amepata mwenzake wa rika moja, jambo ambalo ninyi msingeweza kumpa.

Popote atakapolala, kikagueni chumba kwa magoti ya mtu mzima. Godoro lililo sakafuni halimfai. Choo cha kuchuchumaa kinaweza kumzuia mzee asile vizuri kwa kuogopa kwenda. Fundi seremala yeyote atawatengenezea kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, cha kuwekwa juu ya tundu, na ni afadhali kifanyiwe majaribio na mtu mzito kabla ya mgeni kufika. Njia ya kwenda bafuni usiku iwe na taa isiyotegemea umeme wa gridi. Chandarua kiwe kipana, chenye dawa, kinachofika chini ya godoro pande zote.

Hatua ya nne: safari ya kufika

Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilometa 560 hivi. Ndege huchukua kama saa moja, na basi huchukua karibu siku nzima. Ikiwa fedha zinaruhusu, mzazi aliyevuka miaka sitini na mitano apande ndege kwa kipande hiki, hata kama alitoka Nairobi kwa basi. Familia zilizoko Lindi mjini zaweza kumpokea uwanja wa Mtwara na kumpeleka kwa gari, umbali wa kilometa zaidi ya 100. Walioko Masasi wana kilometa 200 hivi, na wasimlazimishe kuzimaliza jioni hiyo hiyo.

Akija kwa basi, alale Dar es Salaam kwanza. Akate tiketi ya kiti cha mbele upande wa kivuli, na mhakikishe kituo ambacho basi litaondokea, kwa kuwa mabasi ya kusini hayaanzii yote mahali pamoja na mji ule ni mkubwa. Mwambieni wazi kwamba kuchimba dawa njiani mara nyingi ni porini, wanawake upande huu na wanaume upande ule, hivyo khanga ya kujifunga iwe mkononi na isiwe kwenye buti la basi. Kila gari linaposimama ashuke atembee kidogo, kwa sababu kukaa bila kunyoosha miguu kwa saa nyingi huweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu ya mtu mzima. Akivuka Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, awapigie simu, ili mjue ameingia kusini. Wazee wa huku watamsimulia kwamba kabla ya daraja hilo mto ulivukwa kwa pantoni, na safari ya siku moja iligeuka kuwa ya siku kadhaa.

Laini ya simu ya Tanzania husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, basi aifuate dukani yeye mwenyewe. Anayetoka Kenya anaweza kutumiwa fedha kwa M-Pesa kutoka nyumbani, na hilo humpunguzia kutembea na noti nyingi.

Hatua ya tano: afya

Mtwara na Lindi ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Ninyi na watoto mmekwisha kuizoea kwa namna fulani, lakini mzazi anayetoka nyanda za juu zenye baridi hana kinga hiyo, na kwa umri wake malaria inaweza kumwangusha kwa siku mbili. Amuulize daktari wake juu ya dawa za kinga, azianze kwa wakati alioelekezwa na kuzimaliza hata baada ya kurudi kwao. Homa yoyote akiwa huku ipimwe siku ile ile. Kipimo cha haraka kipo hadi kwenye zahanati za vijijini, na dawa ya mseto inafanya kazi vizuri ikiwahiwa. Kumwambia “pumzika kwanza, labda ni uchovu wa safari” kumewagharimu wengi.

Dawa zake za presha au kisukari ziwe za siku zote za ziara na majuma mawili ya ziada, ndani ya pakiti zake, zikiambatana na karatasi ya daktari, na zikae kwenye mkoba wa mkononi. Anayetumia insulini atahitaji jokofu, na kwa kuwa umeme hukatika, mtungi wa udongo wenye mchanga uliolowanishwa utaitunza katika hali ya ubaridi hadi umeme urudi. Visima vingi vya pwani vina maji yenye chumvi. Kwa mtu mwenye presha tafuteni maji ya kunywa kwingine na yachemsheni.

Kabla hajafika, mjue hospitali mtakayomkimbizia usiku na gari litakalowapeleka. Mtwara mjini kuna Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo. Lindi mjini kuna Sokoine. Masasi kuna Mkomaindo, na upande wa hospitali za misheni kuna Ndanda na Nyangao. Namba ya dereva iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, kwa maana simu ya mwenye nyumba huzima chaji siku hiyo hiyo.

Hatua ya sita: mtambulisheni mtaani

Siku mbili kabla, mwenyekiti wa mtaa, au wa kijiji, apewe taarifa kwamba mna mgeni kutoka nje ya nchi, jina lake na siku atakazokaa. Ni utaratibu wa usalama, na ni heshima. Mchungaji au paroko mtampa taarifa kwa vyovyote. Mwenyekiti ndiye anayesahaulika.

Jioni ya kwanza mwacheni mzazi alale. Siku ya pili watakuja, na hawatakuja kwa ratiba. Atakuja mmoja na kuku aliyefungwa miguu kwa ukili, mwingine na kikapu cha mhogo, mwingine mikono mitupu akiwa na salamu tu, na huyo wa mwisho ndiye atakayekaa muda mrefu kuliko wote. Azimeni viti, wekeni birika kubwa jikoni, na siku hiyo msipange jambo jingine lolote. Kikapu kilicholetwa na mhogo hakirudishwi kitupu. Siku nyingine kirudi na sukari, vitumbua au hata ndimu chache. Mwongezeeni mzazi jambo hili katika mizigo yake tangu akiwa kwao: majani ya chai ya Kenya yaliyofungwa kwenye pakiti ndogo ndogo ni zawadi inayopokewa vizuri mno huku, kuliko fulana na kalamu.

Vijana na watoto watamwamkia shikamoo kila wanapopishana naye, na wengine watarudi nyuma ili tu wamwamkie. Mzazi kutoka bara la Kenya aliyezoea “habari yako” kwa wote anaweza kutikisa kichwa na kupita, na mtoto akaenda kusema bibi yule amenuna. Afundishwe kuitikia marahaba kwa sauti. Dukani nako, salamu hutangulia bei. Akianza na bei ataonekana ana ugomvi. Akitaniwa na mtu mzima mwenzake kuhusu kabila lake au meno yake, acheke tu, kwani watu wa kusini wana utani mwingi na mara nyingi ni dalili kwamba amekubaliwa.

Kanisani ataombwa atoe neno la salamu. Muulizeni usiku wa Jumamosi kama yuko tayari, na mkubaliane dakika chache. Kuna wazee watakaosimama dakika arobaini wakipewa kipaza sauti, na kuna wengine ambao kuitwa mbele bila taarifa ni kama kuvuliwa kilemba. Asitambulishwe kama mfadhili, hata kama anachangia huduma kutoka kwenye pensheni yake. Ukishatamkwa ukarimu wake hadharani, kila atakayemsalimu baadaye atashukiwa kuwa anakwenda kuomba.

Ikiwa amekuja katikati ya mwaka, huenda akasikia ngoma za jando na unyago zikipigwa hadi alfajiri. Za hadharani, ambapo sindimba huchezwa na watoto wanatolewa nje wakiwa wamepambwa, mgeni anakaribishwa kutazama. Zile za ndani si zake, wala si zenu, na simu ya kupiga picha ibaki mfukoni. Kanisa lenyewe lilichukua miaka mingi kujua la kufanya na mila hii. Askofu Lucas wa Masasi, aliyeanza uaskofu wake mwaka 1926, aliamua kuipa sura ya Kikristo badala ya kuipiga marufuku, na mjadala wake haujaisha. Mzazi mwenye maoni makali aombwe ayatoe ndani ya nyumba.

Hatua ya saba: siku za kawaida ziwe nyingi kuliko siku maalumu

Kosa la kawaida la familia ya kimisionari ni kumpangia mzazi ratiba ya mgeni wa kikazi: Jumatatu zahanati, Jumanne kisima kipya, Jumatano kwaya ya vijana. Kufikia Alhamisi amechoka, na bado hajakaa na mwanawe saa mbili mfululizo. Wekeni kanuni kwamba kila siku mmoja kati ya mume na mke hashiki huduma yoyote na yuko nyumbani. Kituo kitaendelea; kikisimama kwa sababu mtu mmoja amekaa na mama yake, hiyo ni habari ambayo bodi yenu ilipaswa kuijua zamani.

Mpeni mzazi kazi ndogo ya kila siku iliyo yake. Akikaa mkekani na sinia la mbaazi za kumenya, majirani watakaa naye na mazungumzo yatakuja yenyewe. Akikaa kwenye kochi kama picha ya ukutani, hakuna atakayejua la kumwambia. Kuwasindikiza wajukuu shuleni asubuhi ni kazi nyingine nzuri, maana njiani watoto husema wasiyoyasema mezani. Wajukuu waliokulia huku wanazungumza Kiswahili cha hapa, na lugha ya nyumbani wanaijua kidogo au hawaijui kabisa, jambo litakalomuumiza mzazi hata asipolitamka. Majuma kadhaa kabla, wafundisheni kusalimu, kuomba maji na kuaga katika lugha yake, wafanye mazoezi naye kwa simu.

Kuhusu chakula, muwe na subira. Ugali wa muhogo unaweza kumshinda, na unga wa mahindi upo kila duka. Samaki, pweza wa nazi, kisamvu na wali wa mbaazi atavipenda. Ming'oko, viazi vya porini, iliyochemshwa mwacheni aimenye mwenyewe sokoni, ndipo atakapoifurahia. Tatizo la kweli kwa mama wa Kenya ni chai: maziwa mabichi huku hayapatikani kwa wingi kama kwao, na asubuhi ya kwanza akipewa chai ya rangi atadhani mmefilisika. Tafuteni mtu mwenye ng'ombe, au nunueni maziwa ya unga mapema.

Ataona pia mambo ambayo ninyi mmeacha kuyaona: ukuta wenye fangasi, mjukuu aliyekonda, idadi ya watu wanaogonga mlango usiku. Atayasema, pengine mbele ya mkwe. Msijibu kwa mahubiri juu ya wito wenu. Ukuta pakeni chokaa kama unapakika, mtoto mpelekeni apimwe uzito, na kwa lililobaki kubalini kwamba ni kweli linachosha.

Fedha

Gharama za ziara zitoke mfukoni mwenu au mwa ndugu zenu, si kwenye mfuko wa huduma, na gari la kituo likitumika kwenda kumpokea, mafuta yalipwe na risiti ihifadhiwe. Ndugu waliobaki nyumbani waombwe mchango wazi wazi, kwa kuwa wazazi ni wa wote. Malipo ya hapa nchini yafanyike kwa shilingi. Tangu mwaka 2025 kanuni zinakataza bidhaa na huduma za ndani kulipiwa kwa fedha za kigeni. Watu wenye shida watamfuata mzazi moja kwa moja, na wengi wao wana shida ya kweli. Mkubaliane mapema kwamba atawaelekeza kwenu au kwa kamati ya kanisa, ili asilazimike kukataa kwa kinywa chake.

Hatua ya nane: matembezi mawili yanatosha

Mtwara mjini, Mikindani iko karibu na haichoshi: nyumba za mawe, Boma la Kale, na bandari ambayo David Livingstone aliteremkia mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho. Msimbati ina fukwe nzuri, ila barabara ina mchanga. Anayetaka baridi apelekwe Newala, juu ya nyanda za Makonde, asimame ukingoni pale Shimo la Mungu na kutazama bonde la Ruvuma. Kwa walioko Masasi, Ndanda inamtosha mzazi mpenda historia ya kanisa, na Lupaso, alikozaliwa na kuzikwa Rais Benjamin Mkapa, haiko mbali. Familia za Lindi zina Kilwa Kisiwani, urithi wa dunia tangu mwaka 1981, lakini huko kuna boti na kutembea juani, hivyo ni kwa mzazi mwenye miguu mizima tu.

Hatua ya tisa: kumuaga

Siku mbili za mwisho zisiwe na safari. Mzungusheni nyumba zile zilizomletea kuku na mhogo, akaage kwa dakika chache kila mlango, akianzia kwa bibi aliyempa chumba. Atapewa korosho kuliko anavyoweza kubeba. Zilizobanguliwa zifungwe kwenye chombo kisichopitisha hewa, na zenye maganda zibaki, kwa kuwa mafuta ya ganda huunguza ngozi na atakayezikaanga huko Kenya bila kujua atajuta. Watoto waambiwe siku ya kuondoka mapema, wasiamke wakakuta bibi hayupo.

Akishafika kwake, mpeleke habari katika nyumba zile zile kwamba amefika salama, kwani wataiulizia. Na yeye akumbushwe kwa simu, tena na tena, kwamba homa yoyote ndani ya miezi mitatu ijayo aende nayo hospitali siku hiyo hiyo na amwambie daktari, hata asipoulizwa, kwamba alikuwa Mtwara.